Sukari ya Shangazi

Nyumbani kwao walimwita Daktari. Kila alipojaribu kuwaeleza kwamba yeye si daktari wa namna hiyo, ndugu zake walimsikiliza kwa adabu, halafu wakakunja suruali wamwonyeshe magoti. Kazi yake hasa ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta mbili, ghorofa ya tatu ya taasisi ya utafiti, katika chumba chenye feni inayolalamika na dirisha lisilofunguka. Humo alipekua vinasaba vya watu elfu kumi na moja, akitafuta kwa nini wengine hupata kisukari cha aina ya pili, kile kinachowajia watu ukubwani, na wengine hawakipati. Hajawahi kumchoma mtu sindano. Akiona damu hata ya kuku, hutafuta mahali pa kukaa.

Baba yake, fundi cherehani wa siku nyingi, alikuwa na ugonjwa huo mwaka wa kumi na moja sasa. Aliubeba bila makelele. Vidonge asubuhi na jioni, chai kavu, wali usiozidi ngumi yake mwenyewe. Kilichomchosha si sukari. Kilichomchosha ni dada yake.

Shangazi alimzidi Fundi miaka minne. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja, mwoka keki za harusi, mwenye mwili ambao ulifika mlangoni kabla yake na kuanza kusalimia. Alionja kila krimu aliyoikoroga, kisha akaionja tena ahakikishe kwamba hakukosea mara ya kwanza. Na katika maisha yake yote hakuugua zaidi ya mafua. Baba yao aliondoka kwa kisukari, kaka yao mkubwa akafuata miaka miwili iliyopita kwa ugonjwa huohuo, na sasa alibaki Fundi. Lakini Shangazi hakuona hapo jambo la kushangaza. Kila Jumapili baada ya chakula alimweleza mdogo wake sababu zote za ugonjwa wake: anakaa mno kwenye cherehani, ana ulafi wa siri, na zaidi ya yote hana msimamo.

"Mimi natembea," alikuwa akisema. "Sukari ikiniona inanipisha njia."

Fundi hakuwa mtu wa kujibizana. Siku akizidiwa alisema tu kwamba Mungu alimpa dada yake mdomo, yeye akapewa sukari, na kila mtu abebe mzigo wake. Hapo mama yake Daktari alikumbuka kitu jikoni, akaenda kucheka huko, maana wifi ni wifi na hakutaka kuonekana ameshika upande.

Utafiti ule, Fundi alikataa kujiunga nao tangu mwanzo. Alisema yeye si panya. Shangazi naye alitangaza mbele ya watu wote kwamba damu yake haitoki mwilini mwake bila sababu, na yeye sababu hana. Daktari hakuwabembeleza. Sheria za kazi yake zilikataza kuwashawishi ndugu, na hata zisingekataza, alijua anaongea na akina nani.

Mkuu wake kazini alikuwa Profesa, mtu mwembamba aliyesahau kula na aliyevaa soksi zisizofanana. Kwa miaka miwili walikuwa wamelinganisha vinasaba vya wagonjwa na vya watu wenye afya njema, herufi kwa herufi, na herufi zenyewe ni bilioni tatu kwa kila mtu. Walitarajia kumpata mkosaji. Walipata sehemu zaidi ya mia mbili, na kila moja iliongeza hatari kidogo sana, mfano wa punje ya chumvi kwenye sufuria. Daktari alipomweleza baba yake habari hizo, Fundi alifikiri kidogo akiwa na chaki sikioni, akauliza: watu mia mbili wakishirikiana kuiba kuku mmoja, mwenye kuku amshike nani?

Daktari aliipeleka hoja ile kazini, na Profesa akaiandika ubaoni.

Haikupita wiki, Profesa aliingia asubuhi na wazo jipya. Wamewahoji wagonjwa vya kutosha, alisema. Sasa wawatafute wale ambao kwa haki yote wangepaswa kuugua na hawaugui: wazee, wazito, wenye ndugu wa damu wagonjwa, na bado sukari yao iko chini kama ya watoto wa shule. Daktari alichuja orodha yake akapata watu thelathini na wanane. Katika sita kati yao alikuta kitu kimoja. Jeni zetu huja mbilimbili, nakala moja ya mama na nyingine ya baba, na wale sita walikuwa na jeni moja ambayo nakala yake mojawapo ilikuwa imeharibika. Herufi moja imeruka, kwa hiyo mwili unaisoma hadi katikati, unakata tamaa, unaiacha. Aliitafuta hitilafu hiyo kati ya wagonjwa elfu tano. Walikuwa nayo watatu tu.

Kati ya wale sita, aliyemvutia zaidi alikuwa mshiriki namba 417. Mwanamke, miaka sabini na moja, kilo mia moja na nne, baba mgonjwa, ndugu wawili wagonjwa. Sukari yake kabla ya kula ilikuwa ya kuonea wivu. Kwenye swali la vitu vitamu, kama anavila mara chache, mara kwa mara au kila siku, alikuwa ameandika pembeni kwa mkono: "Ni kazi."

Wewe msomaji umeshamjua. Daktari hakumjua. Alikuwa amezoea kuwaona watu kama namba kwa muda mrefu hivi kwamba hata namba ingekuja kumgongea mlango ikiwa na keki mkononi, angeiuliza ina umri gani. Alimpenda 417. Wakati wa chai alimsifia kwa wenzake, akamwita Malkia, na siku moja Jumapili akiwa mezani kwao, huku Shangazi akimhesabia Fundi vijiko, aliwaza moyoni kwamba laiti Malkia angekuwa hapa amfundishe shangazi yake unyenyekevu.

Kamati ya maadili iliruhusu wale sita waitwe tena kwa vipimo zaidi. Majina yao alikuwa nayo muuguzi peke yake, kwenye kabati lenye kufuli, naye ndiye aliyewapigia simu. Siku ya Jumatano muuguzi huyo alipanda hadi ghorofa ya tatu. Alisema namba 417 yuko chini na amekubali kila kitu, isipokuwa ana sharti moja. Profesa amemweleza kwa nusu saa na hakuna alichoambulia. Anataka mtu anayeongea lugha ya watu.

Daktari alishuka ngazi mbilimbili. Alifungua mlango wa chumba cha mahojiano akamkuta mwanamke mnene ameketi, mkoba mapajani, mtandio umevutwa hadi kwenye nyusi kama mtu aliyetoroka mahali.

Waliangaliana. Daktari alisahau hata kumwamkia.

"Hukuniona," alisema Shangazi.

Muuguzi alipoelewa kilichotokea aliona haya, akasema atatafutwa mtu mwingine upesi. Shangazi alikataa. Alisema siri ikishavuja ni afadhali ivujie ndani ya nyumba, akaomba karatasi ya kuruhusu, akatia sahihi kwa herufi kubwa. Kisha akamgeukia binti wa mdogo wake na kumwonya kwamba akisikia neno limetoka nje, atamkana hata kwenye harusi yake, na keki atatafuta kwingine.

Halafu akaeleza. Mwaka ule kaka yao mkubwa alipofariki, yeye alianza kuamka usiku kwenda chooni, mara mbili, mara tatu. Alihesabu. Aliona kiu isiyokuwepo. Alijitazama miguu kila asubuhi akitafuta kidonda. Alipoona tangazo la utafiti, alifunga mtandio akaja, kwa sababu hapa hakuna anayemjua na huyo anayemjua anakaa juu na kompyuta. Walimpima, wakamwambia sukari yake haina tatizo lolote. Alikwenda kulia chooni, akanawa uso, akarudi kuoka. Jumapili iliyofuata akamsema mdogo wake kuliko siku zote.

Daktari alivuta kiti. Aliacha maneno yote ya Profesa mlangoni, akamweleza kwamba mwilini mwake mna jeni moja ambayo nakala yake moja ni mbovu.

"Mbovu," alirudia Shangazi.

"Nakala moja tu, shangazi. Na ubovu huo ndio unaokusaidia. Tunadhani unalifanya kongosho lako litoe insulini ya kutosha hata pale ambapo la mtu mwingine lingechoka."

"Na kutembea kwangu?"

Daktari aliifikiria safari ya shangazi yake kutoka kwenye oveni hadi mlangoni na kurudi. Alisema kutembea kunasaidia sana, kwa mtu anayetembea hasa. Shangazi alilisikia lile neno "hasa" likianguka, akaliacha lilale hapo chini.

Alitaka kujua kama kitu hicho mtu anaweza kukipata kwa juhudi. Daktari alisema hapana, mtu anazaliwa nacho. Mzazi aliyekuwa nacho angeweza kumpa mtoto huyu na kumnyima yule, bila kuangalia tabia ya mtoto yeyote. Shangazi alifungua mkoba wake, akaufunga. Akaufungua tena.

"Nimemwita mvivu kwa miaka kumi na moja," alisema.

Hapo muuguzi, ambaye alikuwa bado hajajua vizuri anaingia kwenye nini, aliuliza swali lililokuwa kwenye karatasi yake. Je, mshiriki ana ndugu wa tumbo moja walio hai? Wangependa kuwalinganisha. Wao hawawezi kumwalika ndugu huyo moja kwa moja. Mshiriki mwenyewe ndiye angemwambia, kama anapenda, na asipopenda hakuna lawama.

Jumapili hiyo Shangazi hakuja. Fundi alikula wali wake akitazama mlango. Hakuna aliyemhesabia, na hata kile kijiko cha ziada alichochukua hakikuwa na utamu. Aliuliza kama dada yake anaumwa. Akamuuliza mkewe, mkewe akasema hajui. Akamuuliza bintiye, bintiye akaanza kuzungumzia mvua. Fundi alimwangalia kwa makini, kwa sababu mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu.

Jumanne saa sita Shangazi alimpigia Daktari simu, akamwambia amkute dukani kwa baba yake, tena aje na ile lugha yake ya watu.

Duka la Fundi lilikuwa chumba kimoja: cherehani mbili, pasi, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na nguo za watu zinazoning'inia ukutani zikiwa na vikaratasi vya majina. Daktari alipofika, baba yake alikuwa amepiga magoti, akipima upindo wa gauni la mteja aliyesimama juu ya stuli, na mdomoni ameshika pini zisizopungua sita. Shangazi alikuwa tayari ndani, amesimama katikati ya chumba, anahema. Daktari alipendekeza wasubiri mteja amalize. Shangazi alisema hapana. Akisubiri ataghairi, anajijua.

Alisema yote. Alianza na mtandio, akaja kwenye vyoo, akafika kwenye herufi iliyoruka, na Daktari akamsaidia pale alipoita kongosho figo. Fundi alisikiliza akiwa amepiga magoti, pini mdomoni, hawezi kusema kitu. Labda hiyo ndiyo bahati iliyoyafanya mazungumzo yale yafike mwisho. Mteja kule juu hakuthubutu hata kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Alipomaliza, Fundi alizitoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye kifuko cha pini alichofunga mkononi. Zote sita. Kisha akamgeukia bintiye.

"Kwa hiyo dada yangu ana kitu kibovu."

"Ndiyo, baba."

"Imethibitishwa kitaalamu?"

"Imethibitishwa."

"Miaka sitini na saba nimesema hivyo," alisema Fundi, "na hakuna aliyenisikiliza."

Mteja alicheka, na pini iliyokuwa imebaki kwenye upindo ikamchoma mguuni. Shangazi hakucheka. Alivuta kiti cha wateja akakaa, na kiti kikalalamika kwa niaba ya wote.

"Nilikuwa naogopa, mdogo wangu," alisema. "Nikikusema wewe, naona kama ugonjwa unabaki kwako, hauwezi kuvuka kuja kwangu. Nisamehe."

Fundi alirudi kwenye upindo. Alipima, akatia alama ya chaki, akaifuta kwa kidole, akatia nyingine palepale. Daktari, aliyemjua baba yake, alielewa kwamba alama ya kwanza haikuwa na kosa.

"Baba alikuwa na mikono kama yangu," alisema Fundi hatimaye, bila kugeuka. "Wewe una ya mama. Nilidhani tofauti yetu inaishia hapo." Akachukua chaki tena. "Hao watu wako wanataka damu kiasi gani?"

Daktari alisema ni vichupa vitatu tu, na kwamba si lazima hata kidogo. Fundi alisema anajua si lazima. Ila panya mmoja peke yake huonewa, heri waende wawili.

Walikwenda Ijumaa, wote hawajala tangu jana yake jioni. Fundi alikuwa ameizoea njaa ya vipimo, akakaa akisoma gazeti. Shangazi aliichukulia kama dhuluma. Aliletewa maji ya sukari ya kipimo, ayanywe yote kisha asubiri saa mbili atolewe damu tena. Alionja, akawauliza ni nani aliyeyakoroga, kwa sababu mtu huyo hajui vipimo. Muuguzi alieleza kwamba ni gramu sabini na tano kamili, zimepimwa kwa mizani. Shangazi alisema mizani pia hukosea. Hata hivyo aliyanywa hadi tone la mwisho, na baada ya saa mbili sukari yake ilikuwa imeshuka na kutulia kama vile hakuna kilichotokea. Profesa alishuka mwenyewe kuitazama ile namba. Alimwomba ruhusa ya kumpa mkono, na Shangazi akampa, akamwambia akale kitu.

Majibu ya Fundi yalichukua wiki tano. Kwenye fomu alikuwa ameweka alama kwamba anataka kuyajua, na kwamba binti yake awepo. Dada yake hakuombwa awepo. Alikuja tu, amevaa nguo ya kutokea, akakaa kiti cha mbele.

Muuguzi alisoma taratibu. Nakala zote mbili za jeni ile, kwa Fundi, zilikuwa nzima. Hakuwa na ile hitilafu.

Fundi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Alisema basi kwa lugha nyingine yeye ndiye mzima, na akamgeukia dada yake ili wacheke pamoja. Dada yake alikuwa analia. Hakutoa sauti. Machozi yalimwagikia kwenye mkoba na yeye akawa anayapangusa kwenye ngozi ya mkoba, si usoni. Tangu siku ya vichupa, alisema, alikuwa anaomba ionekane kwamba mdogo wake anayo, na kwamba ugonjwa wake wa miaka yote hiyo ni makosa ya hospitali.

"Dada," alisema Fundi, "ni sarafu ilirushwa tu. Ungetaka tuugue wote?"

"Ningetaka tusiugue wote."

Fundi alimshika mkono. Alimuuliza Daktari kama ubovu huo wa dada yake siku moja unaweza kutengenezwa dawa, na Daktari akamwambia ukweli: wapo wanaojaribu, huenda ikachukua miaka kumi, huenda isipatikane kabisa. Fundi alisema yeye hana haraka, nguo za watu alizonazo zinamtosha hadi mwisho wa mwaka. Kisha akamwinua dada yake, wakaaga, wakatoka.

Yaliyofuata Daktari alisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa namna yake, lakini kwenye mambo makubwa walikubaliana. Shangazi alisema warudi nyumbani kwa miguu. Fundi alimuuliza kama ana hakika, naye akasema ana hakika. Kona ya kwanza walipita vizuri. Kona ya pili Shangazi alianza kusifia majengo, ili apate sababu ya kusimama. Walipofika mbele ya benki hakusifia tena, alijiachia kwenye ngazi zake na kusema hapa hapa, mdogo wangu, mimi nimefika.

Mlinzi alikuja akawaambia pale haparuhusiwi kukaa. Fundi alimwomba radhi. Alimweleza kwa heshima kwamba huyu mama si mtu wa kufukuzwa hivihivi, wasomi wa taasisi ile ya juu wanamhitaji, damu yake haipatikani ovyo, na likimpata jambo kwenye ngazi hizi, watakuja kuuliza zamu ilikuwa ya nani.

Mlinzi alimtazama Shangazi kwa muda. Akaingia ndani, akatoka na kiti cha plastiki, akamwekea kivulini.

Kiti kilikuwa kimoja. Fundi alikaa kwenye ngazi, karibu na miguu ya dada yake, na hakuna aliyemwambia ainuke.